Nyumba ya Watoto ya Mapendo

Donatille Uwizeye hakuwa mzaliwa wa Goma. Alizaliwa Kibumba, kwenye mashamba ya viazi na kabichi chini ya mlima wa volkano, na angezeekea huko kama mwaka wa tisini na nne wakimbizi kutoka Rwanda wasingemiminika na mahema yao, wakafunika mashamba ya baba yake na kukata kila mti uliofaa kuwa kuni. Kipindupindu kilipopita, baba hakuwapo tena na shamba halikulimika. Mama yake alijitwika mikeka, Donatille akabeba sufuria, wakashuka mjini kwa miguu. Walipanga nyumba ya mbao katika mtaa wa Mapendo, na mama hakumaliza mwaka.

Pale Mapendo palikuwa na nyumba ya mawe ambayo watu waliiita Foyer. Ilijengwa na serikali zamani za Zaire, ili akina mama wa soko na wafanyakazi wadogo wa ofisi wapate pa kuacha watoto wao mchana. Donatille alikwenda kuomba kazi ya kufua, akapewa ya kulea. Serikali yenyewe, Leta kama watu walivyoiita, wakati ule ilikuwa hoi, na habari za mshahara zilikuwa za kuchekesha watu. Lakini nyumba ilibaki. Asubuhi kila mama alikuja na mtoto mgongoni na kikombe cha unga mkononi, unga ukamiminwa wote katika sufuria moja, na mtoto wa mwenye kikombe kikubwa akanywa uji uleule na mtoto wa mama aliyekuja mikono mitupu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake ameleta nini. Donatille aliishi kwa sahani ya maharage iliyotoka kwa huyu na kipande cha sabuni kilichotoka kwa yule, na kwa mabega ya mume wake, Jean de Dieu, aliyekuwa mpakiaji wa mizigo. Wawili hao walizika mtoto mmoja mchanga, na mwingine hakuja.

Mwaka wa elfu mbili waasi walikuwa wameshika mji, na mji ulikuwa umeshikwa na koltan, madini ya kutengenezea simu. Magunia ya mawe yale meusi yalishuka kutoka Masisi na Walikale, ndege ndogo zikaruka asubuhi hadi jioni, na watu waliokuwa wakitembea na ndala zilizoshonwa kwa waya wakaonekana na magari. Jean de Dieu alipata kazi katika nyumba moja ya kununulia koltan. Mwenye nyumba hiyo, tajiri ambaye wafanyakazi wake hawakumwona ana kwa ana, aliona mbali kuliko mawe. Wanunuzi, makamanda na watu wa mashirika walikuwa na wake waliofanya kazi, na wake hao walikuwa na watoto. Akaanzisha sosiete, yaani kampuni, ya kulea watoto, akaiita Jardin Doré, Bustani ya Dhahabu. Kiwanja kizuri chenye maji na ukuta wa mawe kilikuwa kimoja tu karibu na katikati ya mji, nacho kilikuwa cha Foyer.

Aliyeleta karatasi ya utawala, iliyoikabidhi sosiete nyumba ile, alikuwa kijana wa Bukavu, Aubin, mpole, mwenye viatu vilivyong'arishwa. Alivua kofia alipoingia, akawasalimu watoto mmoja mmoja.

“Mama Donatille,” alisema, “hakuna mutu anakufukuza. Utabaki na kazi yako. Tutakupa bluzi mupya, na mushahara ya kila mwezi. Tunataka tu nyumba ipande kidogo.”

“Na batoto?”

“Batoto watabaki. Kila muzazi atatoa mchango wake, basi.”

“Na mwenye hana?”

Aubin aliitazama ile sufuria kubwa iliyokuwa motoni. “Watu wanazoea, mama,” alisema. “Polepole wanazoea.”

Mwanzoni Donatille hakuwa na la kulalamikia. Kuta zilipakwa rangi ya njano, paa lililovuja likaezekwa upya, bembea zikasimamishwa uani. Watoto walifurahi, naye moyoni alifurahi pamoja nao, akawaza labda alikuwa na wasiwasi wa bure. Kisha mchango ukaanza kudaiwa. Wiki moja alikosekana mtoto wa muuza ndizi, wiki iliyofuata mapacha wa fundi cherehani. Nafasi zao zilijazwa na watoto walioteremshwa kutoka kwenye magari yenye vioo vyeusi. Unga wa vikombe ulikatazwa, kwa sababu hakuna aliyejua umetoka wapi.

Miongoni mwa akina mama wa zamani alikuwamo Pascasie, msichana bado, aliyeuza kabichi na nyanya katika beseni la kichwani. Mtoto wake aliitwa Igiraneza. Alikuwa na miaka mitatu, na alikuwa na desturi ya kutembea ameshika viatu vyake mkononi, kwa kuwa mama yake alimwambia ni vya kwenda kanisani. Asubuhi moja walifika langoni, na Aubin akamwambia Donatille kwa sauti ya chini kwamba huyo asiingie tena, na lango lifungwe.

Donatille alisimama ameshika komeo. Alitaka kusema kitu, lakini Pascasie alimtangulia.

“Funga tu, mama,” alisema. “Usipoteze kazi yako juu yangu.”

Akafunga. Aliurudia uji wake, akaukoroga, akawagawia watoto wa magari wakanywa. Walipolala usingizi wa mchana alivua bluzi, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko, akatoka. Aubin alimwita mara kadhaa, naye hakugeuka.

Hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja sokoni, kwenye meza ya Kanyere.

Kanyere alikuwa Mnande wa kutoka upande wa Butembo, muuza mawese, mama wa watu wazima, na mwanamke asiyejua kunong'ona. Wajukuu wake walilelewa Foyer. Alimsikiliza Donatille mpaka mwisho huku akijaza chupa za wateja, kisha akafunga kizibo cha pipa.

“Kila asubuhi mutu wa takse, ile kodi ya soko, anapita mbele ya meza yangu,” alisema. “Minamupa feza, anaenda. Sijamuuliza hata siku moja ile makuta inaenda wapi. Sasa nitamuuliza.”

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Walizunguka meza kwa meza, wakianzia kwa wauza samaki, kisha wauza makaa, kisha wale wanaotandaza mitumba chini. Wengine waliogopa, na walikuwa na sababu, maana zama hizo mtu aliweza kuchukuliwa barabarani na asijulikane alikopelekwa. Wengine walisema hayo ni mambo ya wakubwa. Lakini wengi walikuwa na mtoto ambaye sasa alishinda juani chini ya meza, katikati ya miguu ya wapita njia, na hao hawakuhitaji kuelezwa sana.

Walikwenda ofisi ya utawala wakiwa kundi. Afisa aliyewapokea aliwaacha wasimame.

“Mama zangu,” alisema, “Leta haina nguvu ya kulea watoto wa watu. Sosiete imeleta rangi, imeleta bati, imeleta kazi. Ninyi mnaleta nini?”

“Tunaleta batoto,” Donatille alisema. “Ile nyumba ilijengwa kwa ajili yao.”

“Hatukatae sosiete,” Kanyere aliongeza. “Iko na makuta, ijenge yake. Hii ni ya bantu wote. Takse yangu iko ndani ya ile ukuta.”

Afisa alicheka kidogo, akawaambia warudi sokoni, atawaita. Hakuwaita. Walikwenda redioni, na mtangazaji, mtu mwenye familia, aliwaomba kwa adabu watoke kabla hawajaonekana. Ndipo Donatille aliposema kwamba kama nyumba haiwezi kuwapokea watoto, basi watoto watakaa mbele ya nyumba.

Jumatatu walikuja na mikeka. Walitandika kando ya lango la Jardin Doré, wakawasha moto kwenye mafiga, wakapika uji. Watoto walikaa mstari mmoja kando ya ukuta wa njano wakisikiliza wenzao wakibembea ndani. Magari yalilazimika kusimama mbali. Mama mmoja aliyevaa vizuri aliteremka na binti yake, akawapita, kisha akarudi na pakiti ya sukari akaiweka karibu na sufuria. “Muko na haki,” alisema, akitazama chini. Halafu akaingia ndani na binti yake.

Walirudi kesho yake na siku zilizofuata. Watu wakaanza kupita makusudi kuwaona. Mwishowe walikuja askari katika lori. Mmoja wao aliipiga teke sufuria, uji wa moto ukamwagika mkekani, na watoto wakaruka kama kuku. Donatille na Kanyere walitupwa ndani ya lori. Walifungiwa katika chumba kisicho na dirisha pamoja na wanaume, na Donatille akapigwa fimbo nyayoni mpaka akashindwa kusimama. Kanyere hawakumpiga kwa sababu ya umri wake, lakini walimlazimisha atazame.

Walipoachiliwa, Jean de Dieu alikuwa ameketi kitandani mchana kweupe. Donatille alielewa kabla hajaambiwa.

“Wamenifukuza,” alisema. “Wamesema, mwambie muke yako alee mume sasa.”

Donatille alikaa chini ukutani akinyoosha miguu.

“Ni watoto ya watu, Donatille. Siyo yetu.”

Jean de Dieu alimtazama nyayo, akatoka nje, na baada ya muda akarudi na maji ya moto yenye chumvi. Alimkanda mpaka maji yakapoa.

Mwaka wa elfu mbili na moja bei ya koltan ilianguka, na mpakiaji aliyefukuzwa hakuwa na pa kwenda zaidi ya kwenye mashimo yenyewe. Jean de Dieu alifunga kifurushi akasema anakwenda Walikale. Mlangoni alisita. “Siyo wewe ulinifukuzisha,” alisema. “Siku ile niliongea vibaya.” Donatille alimsindikiza mpaka barabarani. Baadaye wengine walileta habari kwamba shimo liliporomoka, na wengine kwamba alikuwa na mwanamke mwingine huko. Donatille hakupata kujua ukweli. Miaka mingi baadaye, mtu akimwuliza, alisema tu, “Alienda Walikale.”

Watoto aliwakusanya uani kwake. Uwanja ulikuwa mdogo, wa mawe ya mlima yanayochana miguu, lakini ulikuwa na uzio. Vikombe vya unga vikarudi. Haikufika mbali. Watu wa usafi walikuja na karatasi, wakasema hapo hapana choo cha kufaa wala ruhusa ya kulea, na mlalamikaji ametoa taarifa. Walipigilia mbao mbili kwenye lango lake.

Jioni ile Aubin alikuja peke yake.

“Siyo mimi, mama. Ni mukubwa.”

“Wewe uko na mutoto?”

“Niko na mumoja.”

“Anashinda wapi?”

Aubin aligeuza kofia mikononi. “Pale ndani,” alisema.

Baada ya hapo akina mama walifanya walichoweza. Mtoto wa kike aliyekuwa shuleni alitolewa abaki na mdogo wake. Asiye na binti mkubwa alinunua kufuli, ambayo watu wa Goma huiita kadena, akamfungia mtoto ndani na viazi vya kuchemsha na kikombe cha maji, kwa kuwa nje magari ya jeshi yalipita kwa kasi na hayakusimama kwa mtu. Donatille alijua nyumba zote hizo. Alianza kuuza viberiti na chumvi kwa kutembeza ili apate sababu ya kuzipita mchana kutwa. Alichuchumaa nyuma ya mbao, akaongea na mtoto kupitia upenyo, akapenyeza kipande cha muwa au ndizi iliyokatwa nyembamba. Wengine walipitisha vidole ili awashike.

Igiraneza alikuwa mmoja wao. Donatille alimwambia Pascasie amwachie ufunguo.

“Kadena ilikuja na ufunguo mumoja tu,” Pascasie alisema. “Nitanunua ingine mwezi unakuja.”

Wakati huohuo akina mama hawakuacha kuidai Foyer. Kanyere alirudi ofisini mara nyingi kiasi kwamba walinzi walimjua kwa jina. Alimuuliza mtu wa takse swali lake kila asubuhi, na wauza mawese wengine wakaanza kumuuliza pia. Kuna afisa aliyewaahidi kwamba mwaka mpya suala la Foyer lingesikilizwa.

Mwaka mpya ulikuja na mitetemeko. Januari ya elfu mbili na mbili ardhi ilitikisika siku kadhaa, vikombe vikagongana rafuni. Watu wa Goma walikuwa wamezoea mlima wao, na njaa haikusubiri mlima unyamaze. Alhamisi ile Pascasie alipanda gari alfajiri kwenda Kibumba kuchukua kabichi, akihesabu kurudi kabla ya saa sita. Donatille alikuwa sokoni pamoja na Kanyere ilipojulikana kwamba mlima umepasuka ubavu, na kwamba moto unashuka ukiwa umekata barabara ya Rutshuru.

Wengi walisema utaishia Munigi. Mchana ukasogea. Kisha harufu ikafika, na baadaye watu, wamebeba magodoro, wamebeba wazee, wanaelekea Gisenyi ng'ambo ya mpaka. Donatille alimtazama Kanyere.

“Batoto wako ndani,” alisema.

Walikimbia kinyume na watu wote. Kwenye karakana iliyoachwa wazi Donatille aliokota nyundo. Alianza na nyumba ya kwanza, akapiga kadena mpaka ikakatika, akamtoa mtoto wa kike aliyekuwa amekaa kitako katikati ya chumba, hana hata chozi. Hawakulia, wale watoto. Walikuwa wamekwisha kujua kwamba kulia hakufungui mlango, na ndiyo maana majirani waliokimbia hawakuwakumbuka. Kila Donatille alipovunja mlango, Kanyere aliita majina barabarani, akawafunga watoto wadogo kwa kitenge, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, wengine wakamshika sketi.

Nyumba ya Pascasie ilikuwa chini, mwisho wa kichochoro. Donatille alipopinda kona aliona kichochoro hakipo. Palikuwa na ukuta mweusi uliosogea polepole, unavunjika kwa mbele na kuonyesha wekundu ndani, na mabati yakikunjika juu yake. Hewa ilimchoma koo. Alizungukia nyuma, upande wa shimo la takataka, na huko nako moto ulikuwa umetangulia. Aliita jina. Aliita tena. Mngurumo ulikuwa mkubwa, na mikaratusi ilipasuka kwa kishindo.

Alisikia kitenge chake kinavutwa. Kanyere alikuwa amemfuata, watoto wamemganda mwili mzima.

“Uko na hawa,” Kanyere alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema kwa sauti ndogo.

Donatille aliendelea kusimama mpaka nywele za mikono zikaungua. Kisha akachukua watoto wawili kutoka kwa Kanyere, wakageuka.

Barabarani Kanyere alimkamata mwendesha chukudu, lile baiskeli la mbao la kubebea mizigo, lililokuwa limejaa magodoro. Hawakubishana sana. Yule bwana aliwatazama watoto, akafungua kamba, akaacha magodoro ya mwenye mzigo kando ya njia. Waliwapanga wadogo juu ya ubao, wakausukuma mpaka Gisenyi.

Mpakani, katikati ya maelfu ya watu waliokaa majanini, Aubin aliketi ukingoni mwa barabara na mtoto wake mapajani. Alikuwa amewatoa watoto wa Jardin Doré kwa gari la sosiete, safari baada ya safari, na wote walikuwa salama. Viatu vyake vilikuwa vimeungua soli. Alipomwona Donatille alisimama.

“Bote?” aliuliza.

“Hapana.”

Alifungua mdomo aendelee. Donatille alimpita.

Siku zilizofuata Kanyere alizunguka kambini akiita majina ya akina mama, na mmoja baada ya mwingine walikuja kuchukua watoto wao. Wengine walianguka magotini. Donatille hakutaka kushukuriwa. Alikaa chini ya turubai akitazama njia inayotoka kaskazini.

Pascasie alifika Jumamosi. Barabara yake ilikuwa imekatwa, akavukia Rwanda kwa mpaka wa Kabuhanga, akashuka kwa miguu. Aliwaona watoto aliowajua wakicheza, akatabasamu, akaanza kutafuta miongoni mwao. Donatille aliinuka. Pascasie alimwona uso, akaacha kutafuta.

“Uliwafungulia hawa,” alisema.

“Niliwafungulia.”

“Na kwangu?”

“Moto ulikuwa umefika. Nilizunguka nyuma. Ulikuwa umefika na nyuma.”

Pascasie aliingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo uliofungwa kwa uzi, akaushika tu. “Alilia?” aliuliza.

“Sikusikia.”

“Pengine alikuwa analala.”

“Pengine, mama.”

Walikaa pamoja mpaka jua likazama. Pascasie hakulia siku ile. Alianza kulia wiki nyingine, siku alipoona mtu anauza kabichi.

Waliporudi mjini lava ilikuwa bado inafuka. Foyer haikuwapo, mawe yake, rangi ya njano, bembea, vyote vilikuwa chini yake. Jardin Doré haikujenga tena. Koltan ilikuwa imeshuka na wateja wake wameondoka, na tajiri akahamia biashara nyingine. Donatille alidhani sasa hapana wa kugombania kiwanja. Alijidanganya. Karatasi ya utawala ilikuwa ingali hai, na tajiri aliuza haki yake kwa mfanyabiashara mwingine aliyetaka ghala la simenti. Simenti ndiyo iliyokuwa ikitafutwa katika mji uliotakiwa kujengwa upya.

Watu wa mashirika waliitisha mkutano wa ujenzi. Akina mama wa soko walikwenda, na Donatille alikuwa amejiandaa kusema. Pascasie alimwekea mkono begani akasimama yeye.

“Ninaitwa Pascasie,” alisema. “Nilikuwa na mutoto mumoja. Kulikuwa nyumba ya kumuacha, ya Leta, bakaipatia sosiete. Lango likafungwa. Mama huyu akamuchukua kwake, nako bakapigilia mbao. Njo maana nikamufungia mimi mwenyewe. Munasema volkano ilimuua.” Aliwatazama watu wa mashirika. “Nyumba ingine ikijengwa, isiwe ya kuuzisha.”

Alikaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mkalimani aliinama kuwaelezea wageni, na maelezo yake yalikuwa mafupi kuliko maneno ya Pascasie.

Ghala la simenti lilijengwa. Akina mama walipewa hema, jeupe na zuri, lenye jina la wafadhili. Donatille aliendesha hema hilo mpaka mradi ulipokwisha, na siku ulipokwisha lilikunjwa likapakiwa garini, mikeka ikabaki chini. Pascasie alihamia mji mdogo wa Kiwanja, upande wa Rutshuru, akaolewa na fundi baiskeli. Alituma salamu kwa madereva, lakini Mapendo hakukanyaga tena. Vita vilipoifikia Kiwanja mwaka wa elfu mbili na nane, salamu zilikatika. Zilirudi mwaka uliofuata, mara moja, kisha zikakatika moja kwa moja.

Donatille na Kanyere waliendelea. Kila aliyeketi katika kiti cha ofisi alikuta wanamsubiri. Baada ya uchaguzi serikali ilirudi kuwa serikali kwa jina, na kulikuwa na mkuu mmoja wa shule ya msingi ya serikali, mtu wa maneno machache, ambaye alikuwa na vyumba viwili vya mbao nyuma ya shule. Maombi yalipanda ngazi, yakashuka, yakapotea, yakaandikwa upya. Kanyere aliugua sukari. Walimkata mguu, na aliendelea kuja ofisini akisukumwa juu ya chukudu na mjukuu aliyekuwa mmoja wa watoto wa Foyer. Alifariki wakati wa mvua. Mwaka uliofuata vyumba viwili vilitolewa, kwa mhuri, viwe mahali pa watoto wadogo wa wazazi wote wa mtaa, chini ya serikali, bila mchango. Donatille aliandikwa kuwa mlezi. Mshahara ulichelewa miaka, lakini hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumwambia afunge lango.

Mwezi wa kumi na moja mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili waasi wengine waliingia mjini. Mapigano yalipotulia, vyumba vilikutwa vimevunjwa. Mikeka, masufuria, hata mlango, vyote vilikuwa vimebebwa. Askari walikuwa wamelala ndani na kuwasha moto sakafuni. Waasi walipoondoka, Jumatatu ya kwanza ya Desemba, Donatille alifika na ufagio, akafagia majivu na maganda ya risasi, akaazima sufuria kwa jirani. Alikuwa amezeeka kuliko miaka yake.

Mama mmoja kijana alisimama penye mlango usio na ubao, na mtoto mgongoni.

“Mama, Leta imefungua?”

“Nimefungua mimi,” Donatille alisema. “Leta itatukuta hapa. Mulete.”

Yule mama alisita, akachungulia ndani, akaona alama nyeusi ya moto sakafuni. Kisha akamteremsha mtoto. Asubuhi ile walikuja watoto wachache kuliko waliokuwapo kabla ya vita, na kwa baadhi ya waliokosekana Donatille hakujua aulize wapi. Aliweka maji motoni.